Kwa Fundi Mahona, Aliyetuachia Nipo

Ni mwaka sasa, Baba, tangu ulipoinamisha kichwa juu ya cherehani yako kibandani pale Kwa Mathias, na mama mmoja aliyekuja kuchukua sare ya mwanawe akadhani unatafuta sindano iliyoanguka. Alisubiri kwa adabu. Ulikuwa fundi wa kusubiriwa, kila mtu alilijua hilo, kwa hiyo hata siku ile ya mwisho ulisubiriwa.

Tunakuandikia sisi wanao, Maria na Raphael, na wengine wanaosoma wasome. Habari zetu wenyewe si nyingi. Nyingi ni za Mama, kwa sababu mwaka huu ulimwelemea yeye zaidi kuliko sisi, na ilibaki kidogo tumpoteze na yeye.

Watu wa mtaa wetu wa Sofu bado wanakutaja. Wanataja pini ulizobana midomoni ukiongea, maneno yakitokea pembeni. Wanataja "njoo kesho" yako, ambayo ilikuwa na kesho tano ndani yake. Lakini wanataja pia kwamba mtoto wa shule aliyechanika kaptura hakuondoka kwako amejishika nyuma. Ulimpa khanga ajifunge, ukamkalisha kwenye benchi, ukashona, ukamwambia awahi darasani. Yeye hukumwambia aje kesho.

Mama ametukataza kuandika kana kwamba uliishi ukicheka tu. Kwa hiyo tunasema. Kaka yetu Mwashi alipogongwa na pikipiki, ulimzika bila kudondosha chozi. Wiki ya pili ukaacha kwenda kazini. Wiki ya nne ukaacha kuongea. Ulikaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba ukiangalia ukuta wa matofali ambao hata plasta haukuwa nayo.

Kila asubuhi Bi Mwanakheri, jirani yetu, alipita na beseni lake la vitumbua, akaita getini: "Baba Mwashi, upo?" Hiyo kwetu ni salamu, na jibu lake halihitaji kufikiri. Wewe hukujibu. Mama alijibu kwa niaba yako: "Yupo." Kisha alirudi jikoni na neno lile limemkaa kooni, maana hakuwa na hakika nalo.

Watu walisema yao. Wapo waliosema umelogwa, wapo waliosema unajidekeza, mwanaume mzima. Mama alikupeleka kanisani, kisha akakupeleka kliniki. Muuguzi alikusikiliza usivyosema, akamgeukia Mama.

"Mama, mzee ana sonona."

Mama alidhani ni jina la mtu. "Ndiyo nani huyo?"

"Ni ugonjwa, mama. Huzuni imekaa mpaka imekuwa ugonjwa. Dawa ipo na tutampa. Lakini niambie, nyumbani kuna chochote kinachomtegemea yeye? Kisichoweza kula bila yeye?"

Mama alifikiri. Watoto tulikuwa wakubwa. Kuku aliwalisha yeye mwenyewe, na maji aliteka yeye, akidhani anakupumzisha. "Hakuna," alisema, na aliona haya, kama aliyekamatwa na kosa.

Ndipo akaja Mzee Kondo wa Kisarawe. Yeye Mzaramo, wewe Msukuma, watani tangu enzi za mababu, na nyinyi wawili mliutumia utani huo mpaka ukachakaa. Alikuwa amekuletea kitambaa cha kanzu kabla ya msiba wa Mwashi. Ulikuwa umekikata na kukishona, ukabakiza pindo la chini tu. Alikuta kibanda kimefungwa, akafunga safari mpaka Sofu.

"Huyu Msukuma kameza uzi?" alimuuliza Mama mbele yako. "Kanzu yangu iko wapi? Au kawavalisha ng'ombe?"

Hukutikisika. Mzee Kondo alikutazama kwa muda, utani ukamtoka usoni, akaondoka bila kunywa hata maji. Siku ya tatu alirudi na kikapu cha ukindu. Ndani mlikuwa na mtoto wa mbwa, mwekundu, masikio makubwa kuliko kichwa. Yeye hufuga mbwa shambani kwake, wa kufukuza nyani na nguruwe kwenye mihogo. Alikitua kikapu miguuni pako.

"Msukuma asiye na ng'ombe atachunga nini? Chunga huyu. Ni wangu, sikupi. Siku ukinimalizia kanzu, namchukua."

Mama hakufurahi. Alisema amelea watoto watatu, hakumbuki kuomba wa nne mwenye mkia. Lakini mgeni ameshaleta, na kikapu kimeshatuliwa.

Kesho yake alfajiri yule mtoto wa mbwa alianza kulia. Mama alikuwa jikoni anakoroga uji, akaamua kusubiri aone nani atachoka kwanza, mbwa au yeye. Ndipo akasikia sauti nyuma ya nyumba, inakwaruza kama bawaba iliyokosa mafuta.

"Nipo. Nipo hapa. Nyamaza, nipo."

Mwiko ulimdondoka. Miezi mitano alikuwa hajaisikia sauti yako. Hakuthubutu kutoka nje, aliogopa utanyamaza tena. Alikaa sakafuni akalia huku uji ukiungua, na mpaka leo anasema hajawahi kunywa uji mtamu kama ule. Sisi tuliunywa, Baba. Ulikuwa umeungua.

Hukumpa mbwa jina. Alijichukulia mwenyewe. Kila akilia aliambiwa "nipo", akadhani ndiye yeye, na wewe hukumkosoa.

Hatutaki kumdanganya mtu anayesoma hapa. Mbwa hakukuponya peke yake. Dawa ulimeza, na kliniki ulikwenda mpaka ukazoeana na mlinzi wa mlangoni. Lakini dawa haikuweza kukutoa kitandani saa kumi na mbili asubuhi. Nipo aliweza. Alitaka uji wake, tena kwa mkono wako, na baada ya uji alitaka kutembea. Mtu anayetembea na mbwa hawezi kukwepa kusalimiana. Na Nipo hakukuuliza umeamkaje, wala mbona hujamaliza chakula, maswali ambayo sisi tulikuuliza mpaka tukakuchosha. Alikulalia miguuni tu, mkono wako ukapata kazi. Mwezi wa tatu tangu aje ulikuwa umerudi kibandani, yeye yuko chini ya cherehani juu ya mapande ya vitambaa, anakwepa mguu wako kwenye pedeli.

Nyumba ikarudi kucheka. Bi Mwanakheri akiita "upo?" na wewe ukijibu, mbwa alifika getini kabla ya jibu lako. Jumuiya ya kanisa ilipokutana kwetu, mwenyekiti akaita majina, na kila muumini aliyeitika "nipo" alijikuta ana mbwa magotini. Ikabidi waitike "naam", na wengine wakainua mkono tu, kimyakimya, kama watoto wa darasa la kwanza.

Na kanzu ya Mzee Kondo ikabaki msumarini. Pindo la chini tu, kazi ya nusu saa. Kila alipokuja ulimwambia njoo kesho, naye akaondoka akiguna kwamba hajaona fundi mwongo kama Msukuma. Mama ndiye aliyekuwa akikukunjia mapindo na kukutilia vifungo. Siku moja uvumilivu ulimwisha.

"Nipe mimi nimalizie. Unamdhalilisha mzee wa watu."

Ukatoa pini midomoni, jambo ulilolifanya kwa mazito tu. "Ikiisha atamchukua mbwa wake."

Mama aliirudisha kanzu msumarini kwa mkono wake mwenyewe. Tangu siku ile, Mzee Kondo akija kuulizia, Mama naye alikuwa akisema kesho.

Siku tulipokuzika, watani walikuja kutoka Kisarawe. Mzee Kondo alijilaza kwenye mkeka mlangoni, kajivika futi yako ya kupimia shingoni, kabana pini mdomoni, akawaambia waombolezaji, "Mimi marehemu bado sijawa tayari. Njooni kesho." Watu waliokuwa wakilia walicheka, wakacheka mpaka wakarudia kulia. Tuliporudi kutoka makaburini akamfunga Nipo shingoni kwa ukanda wa kitambaa, akatangaza mbele ya watu wote: "Mtani kachukua. Mwenye uchungu na huyu aje amkomboe."

Hapo ndipo tulipokosea, Baba. Sisi tumezaliwa hapa Kibaha. Utani tunaujua wa mdomoni, wa kucheka na kuachana. Wa msibani hatukufundishwa, au tulifundishwa tukawa tunatazama simu. Hatukujua kwamba anachochukua mtani hufuatwa, na kisipofuatwa ni sawa na kusema marehemu hakuacha mtu. Raphael alimshukuru. Alimshika mkono kwa mikono miwili akasema, "Asante sana mzee, umetupunguzia mzigo."

Mzee Kondo alimtazama usoni. Akaondoka na mbwa. Mama alikuwa ndani na wanawake wenzake. Alipoambiwa kwamba Nipo kachukuliwa alisema "sawa", na sisi tukaamini ni sawa.

Baada ya arobaini Mama alianza kukaa kwenye kigoda chako. Mwanzo alikaa na mchicha wa kuchambua. Baadaye alikaa bila mchicha. Uji aliendelea kupika, na kila asubuhi alibakiza kidogo chini ya sufuria, kisha akautazama, kisha akaumwaga. Ufunguo wa kibanda ulining'inia nyuma ya mlango, hakuna aliyeugusa.

Bi Mwanakheri alipita na beseni lake. "Mama Mwashi, upo?"

Maria, aliyekuwa amehamia nyumbani kumwangalia, alijibu kutoka jikoni. "Yupo." Na neno likamkaa kooni, kama lilivyomkaa Mama zamani.

Mama ametusimulia baadaye ilivyokuwa. Anasema haikuwa huzuni, huzuni ingekuwa nafuu. Alikuwa akisikia watu kama mtu aliyetumbukia ndani ya pipa, sauti zinafika zimechoka. Kila asubuhi aliisikia ile "upo?", akatafuta jibu, akaona akijibu atakuwa anasema uongo. Mama hapendi uongo. Hicho ndicho kilichomnyamazisha, na sisi tulidhani ametukasirikia.

Tulimpeleka kliniki mwezi wa kumi tangu utuache, tukamkuta muuguzi yuleyule. Safari hii neno sonona halikuhitaji kuelezwa. Aliandika dawa, akampangia siku za kuja kuzungumza, halafu akainua macho kutoka kwenye karatasi.

"Na yule mbwa wa mzee hajambo?"

Mama alikuwa akitazama sakafu, lakini mkono wake juu ya goti ulijongea kidogo, kama unaotafuta kitu pembeni ya kiti.

Jioni hiyohiyo Maria alimpigia simu Mzee Kondo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Maria, mtoto wa fundi Mahona."

"Ahaa. Kumbe fundi aliacha watoto."

Maria aliomba radhi. Alieleza kwamba hatukujua, kwamba tulidhani amemchukua moja kwa moja kutusaidia.

"Mwezi wa kumi huu," alisema Mzee Kondo, "mke wangu ananiuliza, wale Wasukuma wako hawaji kumkomboa huyu mnyama? Namwambia watakuja kesho."

"Si ungemrudisha tu, mzee wangu. Mama anaumwa. Haongei."

"Mtani harudishi, mwanangu. Nikimrudisha mwenyewe, nimetangaza kwamba rafiki yangu hana watu. Nitauweka wapi uso wangu?" Alikohoa. "Na huyu mbwa naye ananitesa. Mtu yeyote akisema nipo, hata kwenye simu, anakuja mbio, anamtazama, anaona si yeye, anarudi kulala. Njooni. Nataka kanzu yangu, basi. Mpaka na pindo."

Maria alikwenda nyuma ya nyumba, akachuchumaa mbele ya kigoda, akamweleza Mama yote, kosa letu na masharti ya mtani. Mama alisikiliza bila kugeuza kichwa. Maria alikuwa ameshasimama kuondoka aliposikia.

"Atakuwa amekonda."

Halafu, baada ya muda: "Ufunguo wa kibanda uko wapi?"

Kibanda kilikuwa kama ulivyokiacha, Baba, ila vumbi. Kanzu ilikuwa palepale msumarini, imepata mstari wa kahawia mabegani. Chini ya cherehani mapande ya vitambaa yalikuwa bado yamebonyea, umbo la mbwa aliyejikunja. Mama alilitazama lile shimo kwa muda mrefu, akaipangusa benchi, akakaa.

Alifua kanzu, akaipiga pasi, akashona pindo kwa mkono. Kazi ya nusu saa ilimchukua siku nne. Alikunja, akafumua, akakunja tena. Hakuwa anakosea. Miaka mitano pindo lile halikumalizwa ili mbwa asiondoke, na ingawa sasa lilikuwa la kumrudisha, mikono yake ilikuwa bado inaogopa kulimaliza. Siku ya nne akakata uzi kwa meno, kama ulivyomkataza miaka yote, akasema twende.

Mzee Kondo alitupokea shambani Kisarawe bila utani, jambo lililotutisha. Aliivaa kanzu palepale juu ya nguo zake. Ilimpwaya mpaka mabega yalishuka.

"Fundi alinipima nikiwa na tumbo," alisema. Akajifuta uso kwa mkono wa kanzu mpya. "Haya. Mbwa wenu yuko huko kwenye mihogo. Mwite, mama."

Mama alibaki amesimama. Unajua kwa nini, Baba. Hakuwahi kumwita kwa jina. Miaka yote mitano alikuwa "we mbwa", na uji aliompakulia kwa siri alidhani hatukuuona.

"Mwite wewe, mzee," alisema kwa sauti ndogo.

"Mimi nilikuwa namtunza tu. Wa kumwita ni mwenyewe."

Mama alifungua mdomo, hakikutoka kitu. Alijaribu tena. Sisi tulikuwa nyuma yake, na Raphael alitaka kuita yeye, Maria akambana mkono. Mzee Kondo alimsogelea Mama, akamuuliza polepole, kama mtu aliyesimama getini asubuhi.

"Mama Mwashi. Upo?"

Tulimwona akilitafuta jibu. Tulimwona akilipima kama ni kweli.

"Nipo," alisema.

Mihogo haikutikisika. Akavuta pumzi, akaita kwa sauti ambayo hatukuwa tumeisikia tangu ulipokuwa hai, ile ya kukuita chakula kimeiva. "Nipo! Nipo!"

Alitokea mbio, kweli amekonda, masikio yamesimama. Alimpita Mama. Alitupita na sisi. Alikwenda mpaka mwisho wa njia tuliyojia, akanusa chini, akatazama kule barabara inakotokea, akasubiri. Alikuwa anakusubiri wewe, Baba. Tulisimama wote, hakuna aliyejua namna ya kumwambia.

Kisha akarudi taratibu. Alimnusa Mama mikono, mikono yenye harufu ya chaki na kitambaa, akashusha masikio, akajilaza juu ya miguu yake. Mama alichuchumaa, akamshika kichwa, akalia. Hakuwa amelia tangu tulipokuzika. Alilia kwa sauti, na mbwa akatulia palepale bila kujitoa.

"Lia tu, mama," alisema Mzee Kondo, amegeukia upande wa mihogo. "Leo sina utani."

Ni miezi miwili tangu siku hiyo. Mama hajapona, Baba, hatutakudanganya na wewe. Dawa anameza, na kila baada ya wiki mbili anakwenda kuzungumza. Kibanda anakifungua asubuhi, anapokea mapindo na vifungo tu, na ameanza kuwaambia wateja njoo kesho. Nipo amerudi kwenye shimo lake chini ya cherehani. Wakati mwingine, mtu mwenye mwendo kama wako akipita, anainua kichwa. Mama naye anainua.

Zipo asubuhi Bi Mwanakheri anaita na Mama hawezi kujibu. Siku hizo Bi Mwanakheri haendi popote. Anatua beseni lake chini, anasubiri, na Nipo anakwenda kukaa upande wa ndani wa geti. Kuna siku vitumbua vinapoa. Hatumjibii tena Mama. Tumejifunza kunyamaza naye mpaka lije lenyewe.

Ibada ya kukukumbuka itafanyika nyumbani Sofu, Jumamosi hii asubuhi. Mzee Kondo tumemwalika. Amesema atakuja kesho yake.

Wanakukumbuka wanao Maria na Raphael, wajukuu zako ambao bado wanacheza na chaki zako, ndugu zako wa Shinyanga, majirani wa Sofu, mafundi wenzako wa Kwa Mathias, na mtani wako wa Kisarawe aliyevaa kanzu pana. Siku zote za maisha yetu utakuwa unatajwa katika nyumba hii.

Mama alitukataza kuandika jina la mbwa kwenye orodha, alisema tangazo la marehemu si la mbwa. Tulimsomea yote, mwanzo mpaka hapa. Alipomaliza kusikiliza aliomba kalamu, akaandika mwenyewe chini kabisa. Hatukumuuliza kama ni jina la mbwa au ni jibu lake kwako. Tumeliacha kama alivyoliandika.

Mkeo, Loyce.

Nipo.